Harusi kwa Uwezo Mdogo: Mwongozo kwa Waislamu wa Dodoma na Kanda ya Kati

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake wote. Amma baad.

Maswali kuhusu gharama za harusi yanatufikia kwa wingi kutoka Dodoma mjini, Kondoa, Chemba, Mpwapwa, Manyoni na Singida. Wanaouliza ni walimu wa skuli, askari, waendesha bodaboda, vijana waliomaliza Chuo Kikuu cha Dodoma, na watumishi walioletwa na uhamisho wa Serikali uliotangazwa mwaka 2016. Maneno yanatofautiana lakini swali ni moja: mchumba ninaye, wazazi wameridhia, fedha za harusi sina, nifanye nini?

Wapo waliokaa katika uchumba miaka miwili wakisubiri kamati itimize bajeti. Wapo waliokopa kwa riba, wakaianza ndoa wakiwa wanakimbizana na mdai. Na wapo, Allah atuhifadhi, waliochoka kungoja wakaingia katika haramu, kisha ndoa ikafungwa mbiombio kuficha aibu. Kwa hiyo jambo hili si la mapambo na mavazi tu. Ni jambo la dini za watu na heshima zao.

Jawabu letu kwa muhtasari ni hili: ndoa katika Uislamu ni nafuu, kinachogharimu ni sherehe. Anayetenganisha mambo haya mawili, kisha akapanga kutokana na alichonacho na si kutokana na idadi ya watu anaotaka wamuone, ataoa kwa uwezo wake, in shaa Allah. Ufafanuzi ni kama ufuatao.

1. Kipi ni lazima, kipi ni sunna, na kipi ni mila

Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo wengi wetu tunayoyafuata Afrika Mashariki, nguzo za ndoa ni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili waadilifu, na tamko la kuozesha na kukubali. Hakuna hata moja katika hizo inayonunuliwa.

Mahari ni haki ya mke iliyo wajibu kwa mume, lakini si nguzo. Ndoa ikifungwa bila mahari kutajwa inasihi, na mke anastahiki mahari ya mfano wake. Walima ni sunna iliyotiliwa mkazo. Hotuba kabla ya akdi ni sunna, na kufungia akdi msikitini ni jambo linalopendeza.

Yaliyobaki ni mila: bahasha ya barua ya posa, kilemba cha baba, mkaja wa mama, begi la bibi harusi, kichenpati, sendofu, ukumbi, keki, mshereheshaji, msafara wa magari. Mila isiyopingana na sharia inaruhusiwa kwa mwenye uwezo. Kosa ni kuifanya mila kuwa sharti la ndoa, mpaka kijana aambiwe hawezi kuoa kwa sababu hana fedha za ukumbi.

Upande wa sheria ya nchi, Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo inaitambua ndoa iliyofungwa Kiislamu, inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla, inataka mfungishaji awe na leseni, na inataka ndoa isajiliwe. Tena sheria hiyo haiibatilishi ndoa kwa sababu tu mila za mahari au zawadi hazikutimizwa. Tunawakumbusha hasa ndugu zetu kutoka visiwani kwamba sheria hii haitumiki Zanzibar. Anayeoa Dodoma afuate utaratibu wa Bara, na aulize mapema kwa imamu au ofisi ya Kadhi wa mkoa ada za cheti ni kiasi gani. Cheti kisiachwe kwa kubana matumizi, kwani ndicho kinacholinda haki za mke na watoto siku ya mirathi au mzozo.

2. Mahari

Mahari hayana kima cha chini katika madhehebu yetu: kila kinachofaa kuwa bei kinafaa kuwa mahari. Wala hayana kima cha juu, kama inavyofahamika katika Suratun Nisaa aya ya 20. Lakini mwenendo wa Mtume (S.A.W.) ulikuwa ni wepesi. Mtu aliyetaka kuoa naye hana kitu aliambiwa atafute japo pete ya chuma. Alipoikosa, aliozeshwa kwa sehemu ya Qur-ani aliyoihifadhi. Hadithi hii ya Sahl bin Sa'd wameipokea Bukhari na Muslim. Sayyidna Ali alipomuoa Bi Fatma alitoa deraya yake. Na Bi Aisha aliulizwa kuhusu mahari ya wake wa Mtume (S.A.W.) akajibu kuwa ni wakia kumi na mbili na nusu, yaani dirham 500, kama ilivyo katika Sahihi Muslim. Dirham hizo ni karibu kilo moja na nusu ya madini ya fedha. Anayetaka kujua ni kiasi gani leo aulize bei ya fedha, ataona kuwa si jambo la kumfilisi mtu mwenye kazi, na wala si jambo la kumlazimisha asiye nacho.

Katika mila za Warangi, Wanyaturu na Wagogo, mahari yalihesabiwa kwa mifugo iliyogawanywa kwa baba, wajomba na ami. Mifugo inafaa kuwa mahari, maadamu imeelezwa idadi na sifa zake. Lakini Suratun Nisaa aya ya 4 inaamrisha wanawake wapewe mahari yao. Mbuzi hao ni wa binti. Akiridhia mwenyewe kumpa baba yake au mjomba wake ni hiari yake. Kugawana kabla hajashika ni kula haki yake.

Kuna mambo matatu yanayopunguza mzigo bila kuidhulumu haki:

- Mahari yagawanywe katika sehemu ya kutangulizwa na sehemu ya kucheleweshwa, na yaandikwe yote. Iliyocheleweshwa ni deni la kweli, si mapambo ya cheti.
- Kilemba, mkaja na mengineyo yasichanganywe na mahari. Yakitolewa kwa hiari ni zawadi. Walii akikataa kuozesha mpaka alipwe yeye, huko ni kumfanyia biashara binti yake.
- Binti mwenyewe aulizwe. Mara nyingi tumekuta kiwango kimetajwa na baraza la wazee ilhali binti angeridhika na nusu yake.

Hapa iko hukumu ambayo wengi hawaijui. Binti baleghe mwenye akili akimridhia mwanamume anayelingana naye kidini na kitabia, akaridhia na mahari yaliyo chini ya mfano wake, walii hana haki ya kuzuia ndoa kwa sababu ya uchache wa mahari, kwa kuwa mahari ni haki ya binti na si yake. Kuzuia huko wanavyuoni wanakuita *adhl*, na ni dhambi. Na ikiwa hivyo ndivyo kwa mahari, ambayo ni wajibu, itakuwaje kwa anayezuia ndoa kwa sababu ya sendofu? Suala likifika hapo, lipelekwe kwa wazee wenye busara kwanza, kisha kwa Kadhi. Binti asikimbilie kujiozesha mwenyewe.

3. Walima

Mtume (S.A.W.) alimwambia Abdur-Rahman bin Awf alipooa afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Alipomuoa Bi Zainab alichinja mbuzi, na hiyo ndiyo walima kubwa aliyoifanya kwa wakeze. Alipomuoa Bi Safiyya wakiwa njiani kutoka Khaybar mwaka wa 7 Hijria, walima ilikuwa tende, jibini kavu na samli, bila nyama wala mkate. Na katika Bukhari imekuja kuwa baadhi ya wakeze aliwafanyia walima kwa vibaba viwili vya shairi. Riwaya hizi zinatufundisha kuwa walima hufuata hali ya mtu siku hiyo. Mtu yule yule, ambaye ni mbora wa viumbe, siku moja alichinja na siku nyingine hakuchinja.

Mzigo wa walima ni wa mume. Baba wa binti hawajibiki kufanya karamu. Akipenda kuwalisha wageni waliokuja kushuhudia akdi, ni wema wake. Lakini kumlazimisha mzee mkulima wa Chemba auze ng'ombe wa kulimia ili afanye sendofu inayolingana na ya jirani, hilo halina asili katika dini. Nyumba mbili zikikubaliana kufanya chakula kimoja baada ya akdi moja, gharama hushuka karibu nusu, na hakuna sunna iliyoachwa.

Mtume (S.A.W.) pia alieleza kuwa chakula kiovu mno ni chakula cha walima wanachoitiwa matajiri wakaachwa masikini. Hadithi hii ipo katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra. Mwenye uwezo wa kulisha watu 60 asijaze wakubwa wa ofisini 60. Awaweke wazee wa mtaa, mwalimu wa madrasa, mjane jirani, na wanafunzi wa chuo cha Qur-ani.

4. Michango ya harusi

Hili ndilo linaloulizwa zaidi. Msingi wake ni kuwa kusaidiana katika harusi ni jambo jema na lina asili. Katika walima ya Bi Safiyya, Mtume (S.A.W.) aliwataka Masahaba kila mwenye kitu akilete; huyu akaleta tende, yule samli, wakachanganya wakala. Na Bi Ummu Sulaym alimtuma mwanawe Anas apeleke chakula cha tende na samli kwa Mtume (S.A.W.) alipomuoa Bi Zainab. Basi mchango si bidaa. Tatizo ni namna tunavyouendesha. Tunaweka masharti manne.

*Kwanza, ridhaa.* Mali ya Muislamu si halali ila kwa ridhaa ya nafsi yake. Kumkumbusha mtu ahadi yake kwa upole hakuna ubaya. Kubandika orodha ya wasiotoa katika kundi la WhatsApp, au kumpigia simu kila siku mpaka atoe kwa aibu, ni kuchukua mali kwa upanga wa haya, na wanavyuoni wamekataza.

*Pili, mwaliko usiuzwe.* Imezoeleka kadi ya mtu mmoja iwe na kima chake, ya watu wawili kima chake, na asiyefikisha asiingie. Utaratibu huu ukiwa ni wa kununua nafasi ya kula, hiyo si walima tena, na asiyeweza kulipa hana dhambi kwa kutohudhuria. Wajibu wa kuitika mwito wa walima ni kwa aliyealikwa, si kwa aliyeuziwa. Kamati ya Waislamu na itenganishe: mchango ni hiari, mwaliko ni kwa wote waliokusudiwa.

*Tatu, ijulikane kama ni zawadi au deni.* Wanavyuoni wa Kishafi'i wa zama za baadaye walihitilafiana kuhusu fedha wanazotunzana watu harusini: ni hiba isiyodaiwa, au ni mkopo unaorejeshwa mwenye kutoa naye akiwa na shughuli? Sababu ya khilafu ni desturi za watu kutofautiana. Ili kukata mzozo, kamati iandike mwanzoni kwamba michango ni hiba. Asiyekubali hivyo aseme, na chake kiandikwe deni. Tumeshuhudia udugu ukivunjika kwa kuwa mmoja alitoa akihesabu, na mwenzake alipokea akidhani amependwa.

*Nne, amana.* Mtunza fedha awe mmoja, hesabu isomwe, na fedha zisipite katika simu za watu watano. Kinachobaki baada ya shughuli ni cha maharusi, kwa kuwa watu walitoa kwa ajili yao. Kamati haina haki ya kujifanyia karamu ya kuvunja kamati kwa fedha hizo bila idhini.

Tunashauri pia mchango wa vitu badala ya fedha. Jirani mwenye gunia la karanga, ami mwenye mbuzi, shangazi mwenye masufuria makubwa, kijana mwenye gari la kubebea maji: kila mmoja analeta alichonacho, wala hakuna anayeaibika. Hivyo ndivyo walima ya Khaybar ilivyofanyika.

5. Kukopa kwa ajili ya harusi

Mkopo wa riba kwa ajili ya harusi ni haramu, na harusi si dharura inayohalalisha haramu. Aya za Suratul Baqara kuanzia 275 mpaka 279 ziko wazi, na ndani yake mna tangazo la vita kutoka kwa Allah na Mtume wake kwa asiyeacha riba. Mtu anawezaje kuomba baraka ya ndoa yake kwa fedha iliyotangaziwa vita?

Hapa tunazungumzia pia mikopo ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu, na ile ya kwenye simu inayotolewa kwa dakika chache kisha ikamdhalilisha mkopaji kwa jamaa zake wote. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Lakini yafahamike kuwa hata mkopeshaji mwenye leseni, riba yake ni riba. Leseni haihalalishi alichokiharamisha Allah.

Njia za halali zipo:

- Mkopo mwema usio na ziada kutoka kwa ndugu au rafiki, uandikwe na kushuhudiwa kama inavyoelekeza aya ya 282 ya Suratul Baqara.
- Upatu, ambao wengine huuita mchezo au kibati, ambapo kila mtu hutoa sawa na kupokea sawa kwa zamu. Wengi katika wanavyuoni wa zama hizi wameuruhusu, kwa kuwa hauna ziada kwa yeyote.
- Kununua vitu vya ndani kwa malipo ya awamu, bei ikiwa moja na imejulikana tangu mwanzo, bila faini ya kuchelewa. Benki zinazofuata misingi ya Kiislamu, kama Amana Bank iliyofungua milango mwaka 2011, zina mauzo ya namna hii. Mteja ahakikishe kuwa benki imekimiliki kitu kabla ya kumuuzia.

Hata deni la halali lisichukuliwe kwa ajili ya chakula cha siku moja. Likichukuliwa, liwe kwa ajili ya mahari au makazi.

6. Walii na jamaa walio mbali

Dodoma ya leo ni mji wa wageni. Bwana harusi anatoka Tanga au Unguja, bibi harusi ni wa Kondoa, na marafiki wako Dar es Salaam. Nauli peke yake inaweza kumeza bajeti yote.

Sharia imeweka wakala. Walii aliye mbali anaweza kumwakilisha mtu muaminifu aliyeko Dodoma amuozeshee binti yake, na bwana harusi naye anaweza kuweka wakili wa kupokea. Wakala unaweza kutolewa kwa simu, ilimradi sauti ijulikane na pawe na watu wanaosikia. Bora ukafuatwa na maandishi. Ama kuifunga akdi yenyewe kwa simu, walii akiwa mji mmoja na mume mji mwengine, hilo tunalikataza. Jopo la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1990 liliruhusu mikataba kwa vyombo vya mawasiliano lakini likaitoa ndoa, kwa kuwa inahitaji mashahidi.

Ikibidi kusafiri, waende wachache. Akdi ikiwa Kondoa, barabara ya lami kutoka Dodoma inawezesha kwenda na kurudi siku moja. Basi dogo la watu 25 linatosha kwa wazee, mashahidi na mashangazi. Wageni kutoka pwani wanaweza kutumia treni ya SGR, iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, badala ya kukodishiwa magari. Na mgeni ajilipie nauli yake. Kumualika mtu si kumsafirisha.

7. Namna ya kupanga, hatua kwa hatua

*Hatua ya kwanza: andika ulichonacho.* Fedha mkononi, na kile utakachoweka akiba kwa uhakika hadi siku ya akdi. Ahadi za watu usizihesabu.

*Hatua ya pili: gawa kwa mpangilio wa sharia.* Mahari kwanza, kisha makazi na chakula cha miezi ya mwanzo, kisha cheti na nauli, kisha akiba ya dharura, na mwisho walima. Tuchukue mfano wa kijana mwenye shilingi 1,600,000. Takwimu hizi ni za kuonesha njia tu, si bei za soko wala kiwango cha mahari:

- Mahari ya kutanguliza: 300,000
- Kodi ya nyumba na vitu vya ndani: 700,000
- Cheti na nauli: 100,000
- Akiba: 100,000
- Walima: 400,000

*Hatua ya tatu: idadi ya wageni ifuate fedha.* Usiulize watu 300 wanahitaji shilingi ngapi. Uliza shilingi 400,000 zitalisha watu wangapi. Ikiwa sahani moja ya pilau, pamoja na kuni na viungo, inatoka kwa shilingi 5,000, basi wageni ni 80. Mchango ukipatikana, idadi iongezeke. Usipopatikana, hakuna kilichoharibika.

*Hatua ya nne: chagua wakati.* Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Miezi ya Januari hadi Machi ghala nyingi huwa tupu na nafaka huwa ghali. Baada ya mavuno, kuanzia Juni, chakula hushuka bei, mkulima huwa na fedha, na kwa kuwa mvua haipo, shughuli inaweza kufanyika uwanjani bila hofu. Epukeni pia msongamano wa Shaabani, ambapo kila mtu anakimbilia kuoa kabla ya Ramadhani na kila cha kukodi hupanda. Hakuna mwezi wa nuksi katika Uislamu. Waarabu wa zamani waliuona Shawwal, Mfunguo Mosi wetu, kuwa na mkosi wa ndoa, Bi Aisha akaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) alimuoa mwezi huo huo.

*Hatua ya tano: mahali.* Akdi ifungwe msikitini baada ya Swala ya Alasiri au baada ya Ijumaa, ambapo mashahidi na waombaji dua wapo tayari bila kadi. Kuanzia Msikiti wa Gaddafi pale mjini hadi misikiti midogo ya vijijini, zungumzeni na imamu wiki kadhaa kabla. Chakula kiwe uani, au kwenye uwanja wa madrasa, wanawake na wanaume wakiwa na sehemu zao. Mikeka na majamvi yanatosha.

*Hatua ya sita: chakula cha hapa hapa.* Kilo moja ya mchele hulisha watu kama 6, hivyo watu 80 wanahitaji kilo 14 hivi. Mchele wa Bahi uko karibu. Mbuzi wa kienyeji hutoa nyama ya kilo 10 hadi 15 kulingana na ukubwa wake. Mmoja mnene, pamoja na kilo chache za nyama ya ng'ombe, anawatosha watu hao 80. Anunuliwe mnadani, kama Msalato, akiwa hai, achinjwe na Muislamu kwa jina la Allah. Kumnunua kwa mfugaji asiye Muislamu hakuna tatizo. Badala ya soda, tengenezeni juisi ya ubuyu au ukwaju, na msimu ukiwepo wekeni zabibu za Hombolo na Makutupora. Akina mama wa mtaa wapike. Wapewe haki yao na shukrani.

*Hatua ya saba: furaha isiyo na maasi.* Dufu, kaswida na dua vinatosha kuitangaza ndoa. Bibi harusi avae vizuri mbele ya wanawake wenzake. Nguo ya kuazima haina aibu.

8. Maswali mafupi

*Tunaweza kufunga akdi sasa na kufanya walima baadaye?* Ndiyo. Wakati wa walima unaanza kwa akdi, na ubora wake ni baada ya kuingiliana. Kufunga ndoa leo na kulisha watu baada ya mavuno ni bora mara nyingi kuliko kuendelea na uchumba wa kupigiana simu usiku.

*Jirani zetu na wafanyakazi wenzetu ni Wakristo. Tupokee michango yao, na tuwachangie harusi zao?* Mtume (S.A.W.) alipokea zawadi za wasiokuwa Waislamu, na aya ya 8 ya Suratul Mumtahina haikatazi wema kwa wasiotupiga vita. Mpokee mchango wake, mualike walima yako, na umsaidie naye kwa zawadi ya kitu chenye manufaa. Usichangie pombe wala ibada.

*Wazazi wanasema harusi ndogo inawavunjia heshima.* Wazazi wasemezwe kwa adabu, na bora asemeze mzee mwenzao. Waoneshwe hesabu: hii ni kodi ya nyumba ya mtoto wenu, hii ni pilau ya wageni, ipi tuipunguze? Wakielezwa hivyo, wengi huchagua nyumba. Heshima ya mzazi ni kumuona mwanawe amekaa vizuri na mkewe mwaka wa pili na wa tatu, wakati ambao wageni wote wameshasahau walikula nini.

Khitimisho

Suratun Nur aya ya 32 imeiamrisha jamii iwaozeshe wasio na ndoa, na ikaahidi kuwa wakiwa mafakiri Allah atawatosheleza kwa fadhila zake. Amri hiyo imeelekezwa kwetu sote: wazazi, mawalii, maimamu na kamati. Kila tunapoongeza sharti ambalo Allah hakuliweka, tunamfungia kijana mlango wa halali huku mlango wa haramu ukiwa wazi. Na Suratul Furqan aya ya 67 imewasifu waja wa Rahmani kuwa wanapotoa hawafuji wala hawafanyi ubakhili, bali huwa katikati.

Tunawaomba maimamu wa Dodoma na Singida walisemee jambo hili katika khutba, na wenye uwezo waanze wao: tajiri anayemuozesha binti yake msikitini kwa pilau ya mtaa huwafungulia njia masikini mia.

Tunamuomba Allah (S.W.) awawepesishie ndoa vijana wetu, azibariki nyumba zao, na azikutanishe nyoyo zao katika kheri. Amin.

Wallahu a'lam.